Kununua vipodozi mtandaoni ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: mwongozo kamili wa kukwepa feki

Nina kibanda cha vipodozi Mwanjelwa, Mbeya, huu mwaka wa tisa. Kila Juni, baridi inapoanza kuuma na miguu ya watu kupauka, ungetegemea nipate wateja wengi. Wapi! Wengi wanahamia kwenye simu. Losheni ninayouza shilingi 18,000 wanaikuta Instagram kwa 9,500, na chini yake maneno matamu: "orijino kutoka Dubai, mikoani tunatuma". Baadhi yao nawaona tena mwezi wa nane, uso umebabuka, mkononi kopo limefungwa kwenye mfuko wa rambo. "Dada, hebu niangalizie. Hii ni yenyewe?"

Sisemi haya kama mtu asiyewahi kupigwa. Mwaka fulani niliagiza katoni mbili za losheni kwa muuzaji wa jumla niliyemkuta kwenye kundi la WhatsApp. Mzigo ukafika kwa basi, maboksi yanang'aa, nikauza makopo kumi na moja bila wasiwasi. La kumi na mbili alilirudisha mama mmoja wa Uyole: maji yamepanda juu, uji umekaa chini, harufu ya rangi ya nyumba. Niliwarejeshea hela niliowakumbuka. Niliowasahau bado wananisumbua usiku.

Tatizo letu watu wa huku ni barabara. Aliye Dar anaweza kusema "nakuja dukani kwako nione". Sisi tunalipa leo, basi linatembea zaidi ya kilomita 800, tunashika mzigo kesho. Kwa hiyo kazi kubwa ya kujikinga inafanyika kabla hujabonyeza namba ya siri. Ukishabonyeza, unabaki na kazi ya kukusanya ushahidi.

Hatua ya kwanza: jua unakwepa nini hasa

Neno feki tumelibebesha mizigo mingi mno. Ukiwa mnunuzi unatakiwa kutenganisha mambo manne, maana kila moja lina dalili zake na mlango wake wa kulalamikia.

Kuna bidhaa bandia yenyewe: mtu amechukua jina na nembo ya kampuni nyingine akabandika kwenye uji wake. Kuna bidhaa iliyopigwa marufuku, ambayo inaweza kuwa halisi kabisa, imetengenezwa na kampuni ileile iliyoandikwa kwenye kopo, lakini ndani ina kitu kisichoruhusiwa kwenye ngozi ya mtu. Kuna iliyokwisha muda ikafutwa tarehe na kupigwa nyingine. Halafu kuna hewa: umelipa, muuzaji amekublok, hakuna mzigo.

Ya pili ndiyo inayowapiga chenga wengi. Mteja anauliza "ni orijino?" naye muuzaji anajibu ndiyo bila kudanganya. Krimu ya kujichubua yenye zebaki inaweza kuwa orijino na bado ikakuharibu figo. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu anang'aa haraka. Lakini inapenya mwilini, kwa mjamzito inamfikia mtoto, na ikishika kwenye taulo na mashuka hata asiyejipaka ndani ya nyumba anaipata. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulikuwa unavumilia zebaki chini ya sehemu moja kwa milioni kwenye vipodozi. Mwaka 2023, huko Geneva, nchi wanachama zilikubaliana hata kiwango hicho kiondolewe ifikapo 2025. Hapa kwetu zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) zimo kwenye orodha ya viambato vilivyokatazwa kwenye vipodozi, pamoja na steroidi.

Kwa hiyo swali la "ni orijino?" peke yake halitoshi. Ongeza: "ndani mna nini?"

Hatua ya pili: piga hesabu ya bei

Fupi tu hii. Kipodozi halali kina gharama zisizokwepeka: kiwanda, meli, ushuru, VAT, faida ya muagizaji, faida ya muuzaji, nauli ya basi. Waulize maduka mawili matatu ya mjini wanauza kiasi gani. Anayeuza chini kidogo anaweza kuwa hana kodi ya fremu, na hilo linaeleweka. Anayeuza nusu bei, mwaka mzima, rangi zote, saizi zote, huyo muulize mzigo wake unatoka shamba gani. Ofa ya kweli huwa na sababu (tarehe inakaribia, boksi limebonyea) na huwa inaisha.

Hatua ya tatu: mchunguze muuzaji, usizihesabu nyota zake

Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyonifundisha kitu. Wakaguzi walinunua bidhaa 47 kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, kwa wauzaji waliokuwa na alama nzuri kutoka kwa wateja, zaidi ya asilimia 90. Bidhaa 20 zilikuwa bandia. Vipodozi vya Urban Decay walivyonunua vilikuwa 13, na vyote 13 vilikuwa feki. Mwaka huohuo polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi bandia vya dola 700,000 hivi, na vipimo vikakuta bakteria na kinyesi cha wanyama. Huko wana maabara na mahakama za kutosha. Sasa wewe unamwamini mtu wa Instagram kwa sababu ana wafuasi 60,000?

Fanya hivi. Kwenye Instagram gusa jina la akaunti, kisha sehemu ya "kuhusu akaunti hii". Utaona imefunguliwa lini na imewahi kubadilisha jina mara ngapi. Akaunti iliyokuwa ya vichekesho ikageuka duka la seramu wiki sita zilizopita, iache. Soma maoni: kama yamefungwa, au kama wote wanaandika "asante mpenzi mzigo nimepata" kwa herufi zilezile, mwache, tafuta mwingine. Chukua picha ya bidhaa uitafute kwa Google Lens. Ukiikuta kwenye maduka ya nchi tano, hiyo si picha ya mzigo wake.

Kisha muulize ana duka wapi na kama limesajiliwa TBS, yaani Shirika la Viwango. Tangu 2019, usimamizi wa vipodozi ulipotoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), ni shirika hilo linalosajili vipodozi na majengo yanayoviuza. Mwenye cheti hatakasirika ukimwomba picha yake. Mimi changu nimekitundika ukutani. Anayejibu "wewe dada kama huniamini basi" amekujibu tayari.

Hatua ya nne: omba picha ya leo

Hii ndiyo silaha yangu kubwa na haina gharama. Mwambie muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke pembeni ya bidhaa yenyewe, apige picha tatu: mbele, nyuma penye viambato, na chini penye namba ya bechi (namba ya kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho. Akiweza akutumie na video fupi akizungusha kopo mwangani.

Muuzaji mwenye mzigo atafanya kwa dakika tatu. Dalali asiye na mzigo ataanza hadithi: stoo imefungwa, simu kamera mbovu, dada wa dukani kaenda msibani. Hizo picha zitunze, utazihitaji mzigo ukifika, maana namba ya bechi uliyotumiwa lazima ifanane na utakayoishika.

Hatua ya tano: malipo

Anayekubali ulipe ukishapokea, mpe kipaumbele hata kama amezidi elfu mbili. Wapo hata hapa mjini: wanakuletea Kabwe au Soweto kwa bodaboda, unakagua, unalipa. Kama yupo Dar na hakubali, tumia undugu. Karibu kila familia ya huku ina mtu Dar. Mtoto wa shangazi akipita Kariakoo akaangalia duka na kopo, ukamrudishia nauli, umenunua amani kwa bei ndogo.

Ikibidi kutanguliza hela, lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, na hilo jina lifanane na la akaunti. Namba ya kawaida ikileta jina la mtu usiyemjua kabisa, simama, uliza. Huduma ya kurudisha muamala inamsaidia zaidi aliyekosea namba. Ukishatuma kwa hiari na hela ikatolewa, kuirudisha ni kazi ya polisi. Mara ya kwanza nunua kimoja. Katoni itakuja baadaye.

Hatua ya sita: fungulia mzigo palepale

Ukipigiwa simu kwamba kifurushi kimefika, usikibebe ukakifungulie nyumbani huku unaangalia tamthilia. Fungulia kwenye ofisi ya vifurushi, mtu akikurekodi kwa simu. Video ianze kifurushi kikiwa bado na gundi yake na jina lako, iendelee bila kukatwa mpaka umeonyesha chini ya kopo. Iwe stendi ya Igumbilo kwa watu wa Iringa au Makambako njia panda, wahudumu wameshazoea, hawatakushangaa.

Bila hiyo video, muuzaji atasema umebadilisha mwenyewe. Nimeshaambiwa hivyo.

Hatua ya saba: soma kopo kama barua

Anza na boksi. Namba ya bechi iliyo kwenye boksi iwe ileile iliyo kwenye kopo. Mara nyingi kiwanda huigonga kwa mashine baada ya kufungasha, kwa hiyo huonekana imepigwa juu, tofauti na maandishi mengine. Ikiwa imechapwa pamoja na lebo kama sehemu ya mchoro, shaka. Kwa wenzangu wauzaji: makopo ya katoni moja kuwa na bechi moja ni kawaida. Lakini mzigo wa Februari na wa Septemba ukiwa na bechi ileile, shaka: huenda mtu anachapa lebo chumbani kwake.

Tafuta alama ya kopo lililofunguliwa lenye 6M, 12M au 24M. Hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Wachapaji wa feki wakati mwingine huisahau. Angalia herufi: majina yaliyokosewa, Kifaransa kilichovunjika, rangi ya nembo iliyofifia upande mmoja. Ukiskani msimbo ulio kwenye boksi na ukakupeleka kwenye tovuti inayosema "hongera, bidhaa yako ni halisi", usifurahi haraka. Anayeweza kuchapa boksi anaweza kuchapa na msimbo. Andika mwenyewe anwani ya kampuni kwenye simu.

Pima uzito kama una kopo lingine halisi. Wauza sukari wana mizani, waombe. Kopo la feki mara nyingi hutofautiana kwa sababu plastiki ni nyembamba au ujazo umepunjwa.

Halafu viambato. Huhitaji kujua kemia, tafuta maneno machache tu yaliyoandikwa kwa Kiingereza: Hydroquinone, Mercury, Calomel, Mercurous chloride, Clobetasol propionate, Betamethasone. Mawili ya mwisho ni steroidi, dawa ya hospitali. Zikitumiwa usoni kila siku hufanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Na ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala vito, iweke chini: onyo la namna hiyo ni la bidhaa yenye zebaki. Kopo lisiloandika viambato kabisa ni baya kuliko yote. Hilo ndilo kopo la mkorogo, ule wa "nakuchanganyia mwenyewe, siku saba unatakata". Mkorogo hauna feki wala orijino, kwa sababu hata aliyeukoroga hajui kilichomo.

Sasa yale yasiyo ushahidi, maana huku mtaani tuna mahakimu wengi.

Kimstari cha rangi chini ya tyubu hakisemi kama dawa ni ya asili au ya kemikali. Ni alama ya kuisaidia mashine ikate na kubana tyubu mahali pake.

Msimbo wa mistari unaoanza na 690 mpaka 699 umesajiliwa China, 620 Tanzania, 616 Kenya. Lakini tarakimu hizo zinaonyesha namba ilisajiliwa wapi tu. Bidhaa inaweza kuwa imetengenezwa kwingine. Tena kilichotengenezwa China si feki kwa sababu hiyo.

Mafuta ya nazi kuganda! Hili linaniletea ugomvi kila Julai. Mafuta ya nazi halisi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Njombe au Makete asubuhi hizo nyuzi 24 utazitoa wapi? Yakiganda ndiyo yenyewe hayo, yaweke karibu na jiko. Ambayo hayagandi baridi yote ndiyo ya kuuliza maswali.

Losheni iliyojitenga maji na mafuta, hiyo ni dalili kweli, ingawa hata halisi huweza kujitenga ikisafiri juani juu ya boneti la basi. Kwa vyovyote usijipake.

Na kuna jambo linaloshinda ukaguzi wote: kopo halisi lililojazwa upya. Boksi ni lenyewe, bechi ni yenyewe, uji ni wa mtu. Kinachobaki ni kukagua foili, ile karatasi ya kung'aa inayoziba mdomo wa kopo chini ya kifuniko. Kama bidhaa hiyo huwa nayo na yako haina, au imebandikwa upya ikakunjamana, irudishe.

Hatua ya nane: ijaribu, na ujue la kufanya ikikudhuru

Paka kidogo ndani ya kiwiko, acha saa 24 mpaka 48. Ikiwasha, usisogeze usoni.

Ikishakudhuru, acha, osha kwa maji mengi safi, piga picha ya ngozi siku hiyohiyo, nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi. Usipake ndimu wala dawa ya meno. Kama umekuwa ukitumia krimu kali ya kung'arisha kwa miezi mingi, usiiache kimyakimya ukajifungia ndani. Ngozi iliyozoea steroidi huweza kulipuka ikikosa, na daktari anajua namna ya kukushusha taratibu. Mwambie ukweli. Wengi wanasema "nilipaka Vaseline tu", halafu wanatibiwa ugonjwa wasio nao.

Neno la pembeni kuhusu mafuta ya kukinga jua. Watu hudhani kwa kuwa kuna baridi, jua la huku ni dogo. Ni kinyume: mionzi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700. Feki ya mafuta haya huwezi kuijua kwa kupaka, itakuonyesha baada ya kuungua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la saratani, urembo hauna nafasi hapo. Waulizie hospitali juu ya Kilisun, inayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili yao, kabla ya kumtafuta mtu wa mtandaoni.

Hatua ya tisa: ripoti, kwenye mlango sahihi

Rudi kwenye yale manne ya mwanzo.

Bidhaa yenye nembo ya kuigwa: Tume ya Ushindani, FCC. Hao ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa, na wana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Waandikie pia wenye nembo, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kusema bila ubishi kwamba kopo si lao.

Kiambato kilichokatazwa, tarehe iliyofutwa, kopo lisilo na maelezo: TBS, nao wana ofisi ya kanda Mbeya. Huko ndiko yalikoishia makopo yangu yaliyobaki.

Umelipa, mzigo hakuna: polisi, ukiwa na ujumbe wa muamala. Kama ulitapeliwa kwa ujumbe wa simu, utume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Halafu iripoti akaunti kwenye mtandao wenyewe, ila baada ya kuhifadhi ushahidi, maana ikifungwa na mazungumzo yenu yanaweza kwenda nayo.

Ushahidi ni huu: picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti na tarehe, kiungo cha tangazo, namba ya simu, ujumbe wa malipo, picha ya siku ya kuagiza, video ya stendi, na bidhaa yenyewe kwenye mfuko uliofungwa. Usiitupe kwa hasira. Wala usimtukane mtu hadharani kabla hujaripoti. Ukimtaja kwa jina na ukashindwa kuthibitisha, kesi inaweza kukugeukia wewe.

Wenzangu wenye vibanda, mkigundua mzigo ni feki msimalizie kuuza "ili hela irudi". Na daini risiti ya EFD kila mnapochukua mzigo, hata kwa WhatsApp. Mkaguzi akiingia, risiti ndiyo itakayosema ulinunua kwa nani. Bila hiyo, feki ni yako.

Na makopo matupu

Anapita kijana mtaani kwetu akinunua makopo matupu. Plastiki haina shida, anaiuza kwa kilo. Lakini siku moja aliniuliza kama nina ya pafyumu, yasiyokwaruzwa, na maboksi yake, na bei aliyotaja ilikuwa mara kumi ya plastiki. Tangu hapo nakata tyubu kwa mkasi, nachana boksi, nakwaruza lebo kwa msumari ndipo nampa. Alinung'unika wiki mbili, sasa ameacha kuuliza.